Bapa si kavu: maua ya harusi yaliyoharibika kwenye kioo

Mama mmoja wa Tabata Kimanga ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mwezi wa nne tulimwoza binti yangu, na baada ya sherehe niliyachukua maua aliyoyashika, yaani mawaridi mekundu na meupe pamoja na vitawi vya bogenvilia, na pia asumini za kikuba chake, nikayabana ndani ya vitabu vizito kwa siku tano. Yalipokuwa bapa niliyabandika kwenye chupa tatu za asali na kwenye kioo cha fremu ya picha kwa gundi nyeupe ya mbao. Wiki tatu baadaye mawaridi mekundu yamekuwa karibu meusi, asumini zimekuwa za kahawia, gundi imefanya utandu mweupe kama maziwa, na pembeni mwa petali kuna vidoa vya ukungu wa kijivu. Bogenvilia peke yake ndiyo yenye nafuu. Nimekosea wapi? Kuna kinachoweza kuokolewa? Na je, naweza kuwasha mishumaa ndani ya chupa hizo? Bado nina petali chache kitabuni ambazo sijazigusa."

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kumwoza binti. Kosa lako halikuwa kwenye gundi wala kwenye kioo. Lilitokea kabla hujafungua kopo la gundi. Uliyabandika maua yaliyokuwa bapa ukiamini kuwa yamekauka, ilhali ubapa na ukavu ni mambo mawili yasiyokwenda pamoja. Kitabu kizito hulifanya ua kuwa bapa kwa usiku mmoja, lakini kulikausha huchukua wiki mbili hadi tatu, na katika mwezi wa Aprili, ambao ndio wenye mvua nyingi zaidi hapa Dar es Salaam, hata wiki tatu huenda zisitoshe ikiwa karatasi haikusaidiwa. Ule utandu wa gundi, ule ukungu wa pembeni na sehemu kubwa ya kuharibika kwa rangi vimetokana na jambo hilo moja. Weusi wa waridi una sababu yake ya pili, na nitaifikia.

Kabla sijaanza kufundisha kazi za mikono, kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukausha vielelezo vya mimea, yaani matawi na maua yanayobanwa, kukaushwa na kushonewa au kubandikwa kwenye karatasi ngumu ili wataalamu wa mimea wayachunguze baadaye. Ni kazi ya zamani sana. Mwitaliano Luca Ghini ndiye anayetajwa kuwa aliianzisha katika karne ya 16, na hapa kwetu vielelezo vya namna hiyo vilikusanywa Amani, kwenye milima ya Usambara, tangu kituo cha utafiti cha Wajerumani kilipofunguliwa mwaka 1902. Nayataja hayo kwa sababu unachokifanya wewe juu ya chupa ya asali ni kazi ileile, isipokuwa kielelezo huishi gizani ndani ya kabati, na ua lako unataka liishi sebuleni, kwenye mwanga na hewa ya pwani. Sharti lako kwa hiyo ni gumu kuliko letu.

Tuangalie kinachotokea ndani ya kitabu. Sehemu kubwa ya petali mbichi ni maji. Ukiibana kati ya karatasi mbili, maji hutoka kwenye petali na kuingia kwenye karatasi, lakini huendelea kutoka kwa muda ule tu ambao karatasi ni kavu kuliko petali. Karatasi ikishalowa, hata kama kwa mkono huhisi chochote, uhamaji huo husimama na petali hukaa ndani ya unyevu wake yenyewe, ikiwa na joto la nyuzi 28 au 30, na hayo ndiyo mazingira ambayo ukungu huyapenda. Wakati wa masika karatasi huanza ikiwa tayari imekunywa unyevu wa hewani. Ndiyo maana daftari lililoachwa mezani mwezi wa nne hulegea na kurasa zake hujikunja. Kitabu kilichojaa maua mabichi na kisichofunguliwa kwa siku tano katika hali hiyo hakikaushi, kinavundika.

Dawa yake ni kubadilisha karatasi. Tumia karatasi nyeupe zisizong'aa, za kawaida tu za kuchapishia, zigusane na ua juu na chini, kisha nje yake weka tabaka kadhaa za magazeti ya kunyonya maji. Usiligusishe gazeti na petali moja kwa moja, kwa sababu wino wake huhama. Tishu zenye michoro ya kubonyea nazo ziepuke, maana michoro hiyo hujichapa kwenye petali na haiondoki tena. Kwa siku nne za mwanzo badilisha magazeti kila siku, kisha kila baada ya siku mbili, na yale uliyoyatoa yaanike juani au uyapige pasi mpaka yarudie kuwa makavu, ndipo uyatumie tena. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi huchoka. Wanataka kulifunga ua na kulisahau, lakini hakuna uzito wa kitabu wala wa tofali unaoweza kufanya kazi ya karatasi kavu.

Ukitaka kuifanya kazi hii mara kwa mara, achana na vitabu utengeneze kibanio. Fundi seremala yeyote atakukatia vipande viwili vya plaiwudi vya sentimita 25 kwa 35, avitoboe pembe nne na kuvitia bolti ndefu zenye nati za kukazwa kwa vidole. Ndani yake panga hivi: kipande cha boksi, magazeti, karatasi nyeupe, maua, karatasi nyeupe, magazeti, kipande cha boksi, na kuendelea hadi juu. Boksi nisemalo ni lile la kahawia lenye mifereji midogo ndani yake, nalo ndilo siri ya kazi yote, kwa sababu mifereji hiyo hupitisha hewa katikati ya rundo. Hakikisha mifereji yote inaelekea upande mmoja, kisha kisimamishe kibanio kwa ubavu mbele ya feni ili upepo uingie mwanzo wa mifereji na kutokea mwisho wake. Usiku mmoja wa feni kwa namna hiyo hufanya kazi ambayo kitabu hakiifanyi kwa wiki. Mchana wenye jua kali unaweza hata kukiacha kibanio ndani ya gari lililoegeshwa juani, madirisha yakiwa wazi kidogo. Hewa ikipata moto huweza kubeba maji mengi zaidi, na maua yenyewe hayadhuriki na mwanga kwa kuwa yamefunikwa na mbao.

Pasi ya umeme inafaa kwa mtu mwenye haraka, ilimradi iwe kwenye moto mdogo, isiwe na maji ndani, na ua liwe limelala kati ya karatasi mbili. Bonyeza kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, inua, acha lipoe, kisha rudia. Usiisugue huku na huku kama unayenyoosha kanga. Maikrowevu nayo hukausha, lakini huunguza petali nyembamba haraka sana kabla hujatambua, nami siishauri kwa maua yenye thamani ya kumbukumbu.

Utajuaje kwamba ua limekauka? Lishike kwa kibano, uliguse kidogo kwenye mdomo wa juu au shavuni. Likiwa na ubaridi wowote, bado lina maji, kwa sababu maji yanapofuka huchukua joto la ngozi. Likiwa halina joto wala baridi, kama kipande cha karatasi, limekauka. Kipimo cha pili ni kulishika kwa ukingo mmoja na kulisimamisha. Lililokauka husimama imara, na lisilokauka hulegea na kuinama. Vipimo hivi viwili tulivitumia kila siku, na nina imani navyo kuliko kuhesabu siku kwenye kalenda.

Sasa nije kwenye rangi, kwa sababu hata kama ungekausha vizuri kabisa, mawaridi yako mekundu yasingebaki mekundu. Wekundu wa waridi unatokana na rangi za kundi la anthosiani, ambazo hubadilika kulingana na uchachu wa maji ya ndani ya petali na huzidi kukolea maji hayo yanapopungua. Waridi jekundu lililokaushwa vyema huwa na rangi ya zambarau iliyokolea. Lililokaushwa polepole katika unyevu huwa jeusi, kwa kuwa hapo petali yenyewe imeanza kuoza. Waridi la pinki au la rangi ya chungwa ndilo linalofaa zaidi, na kwa harusi zijazo katika ukoo ningemwomba mpambaji achanganye hayo. Kumbuka pia kwamba mawaridi ya maduka yetu mengi hutoka nyanda za baridi kama Arusha na hukaa ndoo za maji hadi saa ya kuuzwa, kwa hiyo huja yameshiba maji. Usilibane waridi zima. Lina kitako kinene katikati kinachozuia petali kulala na kinachokauka mwisho kabisa. Chambua petali moja moja, zibane peke yake, kisha uziunge upya juu ya kioo kana kwamba ni ua zima.

Asumini ni habari ya huzuni kidogo. Ua jeupe halina rangi ya kulificha, na petali yake ikichubuka kidogo tu hugeuka kahawia kama tofaa lililokatwa. Za kwako zilikuwa na mkosi wa ziada, kwani zilitoka kwenye kikuba, na kikuba cha bibi harusi hunyunyiziwa marashi na mara nyingi hupakwa mafuta mazuri. Marashi ni maji. Mafuta ni mabaya zaidi, maana hayakauki, huifanya petali kuwa na doa linalopitisha mwanga, na huikatalia gundi kushika. Mtu anayetaka kuhifadhi asumini kwenye kioo achume vitumba vya pembeni ambavyo havijaguswa na marashi, avibane saa ileile vingali vigumu, na akubali kwamba vitakuwa na rangi ya pembe ya ndovu badala ya weupe. Binafsi naiona rangi hiyo kuwa nzuri, lakini najua wapo wasioipenda.

Bogenvilia imebaki kwa sababu ile sehemu ya rangi tunayoiita ua si petali hata kidogo. Ni majani matatu membamba yaliyogeuka rangi kuzunguka maua halisi, yale madogo meupe ya katikati, na majani hayo yana maji machache tangu yakiwa mtini. Rangi yake ni ya kundi lingine, lile la bitiruti, na haififii upesi gizani. Ila huyeyuka katika maji kama ya bitiruti inavyoyeyuka, kwa hiyo ukiipaka gundi nyingi yenye maji, wekundu hutiririka na kuchafua kioo. Ukitazama chupa zako kwa makini nadhani utaona kivuli cha pinki pembeni mwa baadhi ya vipande. Kwa mkazi wa Dar es Salaam anayeanza kazi hii, bogenvilia ndiyo ningempa iwe somo la kwanza: ipo kwenye kila ukuta kuanzia Mbagala hadi Mbezi, ina rangi nyingi, na inasamehe makosa.

Baada ya hiyo, nenda kwenye majani. Vijani vya mlonge, vidogo na vya mviringo, hukauka kwa siku chache na hutulia kwenye kioo kama vimechorwa. Majani ya mkwaju ni mazuri zaidi, lakini yachume mchana, kwa kuwa usiku hujikunja na ukiyabana hivyo hayatafunguka. Jani la mwarobaini lenye meno pembeni linafaa kuzungushia ukingo wa fremu. Petali za mkrismasi, zile nyekundu zinazofunika barabara mwishoni mwa mwaka, zibane moja moja, na usiisahau ile ya tano yenye madoa meupe na manjano. Rangi za njano kwa jumla hudumu kuliko nyekundu, kwa hiyo petali za alizeti zilizochambuliwa kutoka kichwani ni mtaji mzuri. Haibiskasi ina utelezi unaoinatisha kwenye karatasi, na ua la frangipani ni nene na lina utomvu. Yote mawili yaache mtini. Chuma maua ya bustani kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, umande ukiwa umekwisha na jua halijayanyong'onyesha, na usichume kwenye bustani za umma wala msituni. Dhambarau ndogo ya Usambara, yaani ua dogo liitwalo African violet kwa Kiingereza, ambayo dunia nzima huioteshea kwenye vyungu vya madirishani tangu mbegu zake zilipopelekwa Ujerumani mwaka 1892, siku hizi ni adimu porini kwake yenyewe. Ukiitaka, nunua ya chungu.

Gundi yako haikuwa mbaya. Gundi nyeupe ya mbao ikikauka huwa angavu, lakini haistahimili maji. Ikipata unyevu hunyonya na kurudi weupe wake, na hicho ndicho ulichokiona. Unyevu huo ulitoka pande mbili, ndani kutoka kwenye petali mbichi, na nje kutoka kwenye hewa ya masika. Kwa hiyo kazi ya gundi hiyo iwe ni kushika tu, na kinga iachiwe vanishi.

Utaratibu wangu ni huu. Osha chupa kwa sabuni na maji ya moto hadi mabaki yote ya asali na ya gundi ya lebo yaondoke, ikauke, kisha ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa spiriti, na tangu hapo usiiguse kwa vidole sehemu ya kupambwa, maana mafuta ya vidole hubaki chini ya gundi na petali hubanduka kuanzia hapo. Panga kwanza maua mezani, juu ya karatasi yenye ukubwa uleule, mpaka utakaporidhika. Kisha paka kioo utando mwembamba sana wa gundi kwa brashi laini, eneo la ua moja tu kwa wakati mmoja, laza ua kwa kibano, na libonyeze kwa brashi kavu kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke. Ukiona kiputo, kitoe wakati huohuo. Acha saa ishirini na nne, paka utando wa pili juu ya ua, acha tena, na ukishaona hakuna weupe uliobaki mahali popote, ndipo upake vanishi angavu tabaka mbili au tatu, kila moja ikiwa imekauka kabla ya ile inayofuata. Ya kupuliza yenye asili ya akriliki haigeuki njano upesi kama ile ya mafuta wanayopakia milango. Ipulize nje au mlangoni, ukiwa umefunika pua na mdomo, na kwa mbali, kwa sababu ikirushwa karibu huchuruzika. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kioo kilichovunjika na petali moja usiyoijali.

Acha sentimita mbili chini ya mdomo wa chupa bila pambo, maana hapo ndipo mkono na kifuniko hugusa. Ndani usipake kitu chochote ikiwa chupa itawekwa chakula. Na chupa iliyopambwa haizamishwi kwenye beseni la vyombo hata kama ina vanishi tabaka tano. Hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, basi.

Hata hivyo, kwa maua ya harusi nisingetumia chupa. Ningetumia vioo viwili. Mwambie fundi wa vioo wa mtaani kwako akukatie vipande viwili vya milimita 3, sentimita 20 kwa 25 kila kimoja, na akusagie kingo; kama hana mashine, chukua msasa wa maji, uulowanishe, na uvisugue kingo mwenyewe ukiwa umevaa glovu, mpaka kidole kikipita kisikwaruzwe. Visafishe kwa spiriti pande zote nne. Kwenye kioo cha chini weka maua yakishikwa na nukta moja tu ya gundi, ndogo kama kichwa cha pini, nyuma ya kila petali nene, na mengine yasishikwe kabisa, kwa kuwa kioo cha juu kitayabana. Acha gundi ikauke usiku kucha kabla ya kufunika. Wengi hufunika mara moja na kujikuta wameufungia ndani ule unyevu waliouhangaikia wiki nzima. Funika, zungushia kingo utepe wa aluminiamu, ubonyeze kwa mgongo wa kijiko, na ukipenda viingize kwenye fremu ya mbao. Kuna wanaoziba kingo kwa silikoni. Inazuia maji vizuri, ila ile inayonuka siki hutoa mvuke wenye uchachu inapokauka, na rangi za maua, kama nilivyosema, hazipatani na mabadiliko ya uchachu. Kama ni lazima, iweke juu ya utepe, kamwe isiwe badala yake.

Saa ya kufunika vioo ina maana kubwa. Hewa iliyopo chumbani wakati huo ndiyo utakayoifungia humo kwa miaka. Chagua mchana mkavu wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti, au fanya kazi hiyo katika chumba chenye kiyoyozi kilichowaka kwa saa mbili, kwa kuwa kiyoyozi hukausha hewa pamoja na kuipoza. Mwanafunzi wangu mmoja aliomba ruhusa ya kufungia fremu zake kwenye ofisi ya mumewe siku ya Jumamosi, na zake ndizo safi kuliko zote nilizowahi kuziona hapa mjini.

Itundike fremu kwenye ukuta usiopigwa na jua. Kioo cha kawaida hakizuii miali yote inayofifisha rangi, na sebule nyingi za Dar es Salaam zina dirisha upande wa magharibi linaloingiza jua la saa kumi moja kwa moja. Pia usiitundike kwenye ukuta wa bafu au wa jiko, hata upande wa pili wake, kwa sababu ukuta wa namna hiyo hubeba unyevu.

Kuhusu mishumaa, jibu langu ni hapana. Maua makavu ni kama karatasi, vanishi nayo hushika moto, na chupa ya asali haikutengenezwa kustahimili moto wa ndani. Ikipata joto upande mmoja na baridi upande mwingine hupasuka. Najua kinachokuvutia, na najua pia kwamba umeme ukikatika mtu huwasha mshumaa kwenye chombo chochote kilicho karibu, kwa hiyo wakanye na walioko nyumbani. Vile vitaa vidogo vya betri vilivyofungwa kwenye waya mwembamba, ambavyo Kariakoo vinapatikana kwa urahisi, hupendeza zaidi ndani ya chupa kwa sababu huangaza petali kutoka nyuma bila moshi.

Sasa kuokoa. Vyombo vyenye ukungu viondoe kwanza karibu na petali zilizobaki kitabuni. Funika pua na mdomo, vipeleke nje, na usivipanguse vikiwa vikavu, maana utaurusha ukungu hewani. Funga chupa kwa kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu kwa nusu saa. Gundi italainika na utaweza kuikwangua kwa kadi ya plastiki ya zamani. Petali zenye vidoa zitupe, hazitibiki. Bogenvilia ambayo haina doa inaweza kubandukia kwenye kadi ikiwa nzima, lakini usitarajie mengi, na kwa bahati nzuri mti uliozaa maua yale bila shaka ungali unachanua. Kisha osha chupa, zifute kwa spiriti, na uzianike juani siku nzima. Kioo cha fremu kifanyie vivyo hivyo.

Zile petali za kitabuni ndizo zinazonitia moyo. Leo hii zihamishie kwenye karatasi kavu, zijaribu moja moja kwa mdomo kama nilivyoeleza, na zenye ubaridi zirudi kwenye kibanio au chini ya vitabu, zikibadilishiwa karatasi kila siku. Zikishapita kipimo, zitie ndani ya bahasha ya karatasi, na bahasha uiweke kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba. Nje ya bahasha andika tarehe ya harusi, jina la ua, na rangi lililokuwa nayo siku ile, mathalani "waridi jekundu la damu ya mzee". Ndivyo tulivyoandika kwenye kila kielelezo, kwa sababu rangi hupotea na maandishi hubaki. Nawe maneno hayo utayabandika nyuma ya fremu. Kopo likae kabatini gizani hadi mwezi wa saba, na wiki hiyohiyo utakapochuma bogenvilia mpya na vijani vya mlonge vya kuzizunguka, uende kwa fundi ukakate vioo.